Kupima kinga za watumishi wa hospitali: Korona imetufundisha nini?

Wapo watakaouliza: Korona tena? Shirika la Afya Duniani lilikwisha tangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba maradhi hayo si dharura ya dunia tena, dharura iliyokuwa imetangazwa tarehe 30 Januari 2020. Barakoa zimetupwa, ndoo za kunawia mikono zilizokuwa zimepangwa milangoni zimerudi kwenye kazi zake za nyumbani, na watu wamerudi kupeana mikono. Sasa kuna nini cha kuandika?

Kipo cha kuandika, tena kinawahusu watu tunaowategemea siku tunayougua. Ni suala la kuwapima damu wauguzi, madaktari, wafagiaji na madereva wa hospitali baada ya kuchanjwa, ili kuangalia kama miili yao imejenga kinga. Katika siku za Korona upimaji huu ulizungumzwa sana, ukafanywa sana katika nchi mbali mbali, na kwa masikitiko ukafahamika vibaya sana. Waliofahamu vibaya hawakuwa wananchi wa kawaida peke yao. Hata watu wa makoti meupe walikuwamo.

Mimi ni mkaazi wa Tunguu. Anayeijua Unguja atakubali kwamba hapa petu si pahala pa kuzungumzia elimu kwa kubahatisha. Tuna vyuo vikuu viwili, Chuo Kikuu cha Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa ambacho wengi tunakiita SUZA. Jirani tu, Binguni, ipo Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Kila asubuhi gari za abiria zinapita hapa na vijana waliobeba mabegi ya vitabu. Ikiwa suala la kinga halikueleweka Tunguu, litaeleweka wapi?

Tulikotoka

Kwanza tukumbushane, maana sisi ni wepesi wa kusahau. Mgonjwa wa kwanza wa Korona Tanzania alitangazwa Machi 2020. Kufika mwanzoni mwa Mei mwaka huo, takwimu zikaacha kutolewa. Tanzania nzima ilikuwa imesimama kwenye wagonjwa 509, na 134 kati yao walikuwa wa Zanzibar. Kuanzia hapo, mtu aliyetaka kujua hali ikoje aliangalia misiba. Februari 17, 2021 alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, akiwa hospitali ya Muhimbili, wiki chache baada ya chama chake cha ACT-Wazalendo kutangaza kwamba ameambukizwa Korona.

Mambo yalibadilika baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kushika madaraka Machi 2021. Mwishoni mwa Julai ziliingia nchini dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya Johnson & Johnson, na tarehe 28 Julai Rais mwenyewe akachanjwa hadharani. Baadaye zikaja za aina nyengine, zikiwemo Sinopharm na Pfizer, na huku Visiwani ikatumika pia Sinovac. Watumishi wa afya walikuwa katika kundi la mwanzo, pamoja na wazee na wenye maradhi sugu.

Hapo ndipo lilipozuka swali: nimechanjwa, nitajuaje kama imenishika?

Kingamwili ni nini?

Mwili ukiingiliwa na kirusi hutengeneza vitu vidogo sana vya protini vinavyoelea ndani ya damu. Kazi yao ni kumng'ang'ania mgeni yule asiweze kuingia ndani ya seli. Hivyo ndivyo vinavyoitwa kingamwili. Chanjo nayo huufundisha mwili kuvitengeneza kabla ugonjwa wenyewe haujafika.

Lakini kingamwili si jeshi lote. Ni walinzi wa zamu tu, wale unaowaona getini. Nyuma yao zipo seli za kumbukumbu, ambazo zimekwisha kuiona sura ya adui na zinaweza kuamsha walinzi wapya kwa muda mfupi. Zipo pia seli nyengine ambazo kazi yao ni kuziangamiza zile seli za mwili zilizokwisha kuvamiwa. Kipimo cha kawaida cha kingamwili kinahesabu walinzi wa getini peke yao. Waliolala kambini hakiwaoni.

Ndiyo maana walinzi wakipungua haina maana kwamba kambi imevunjwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 uliwafuatilia wafanyakazi 4,868 wa hospitali moja kubwa nchini Israel waliochanjwa dozi mbili za Pfizer, wakipimwa kila mwezi kwa miezi sita. Kingamwili zilishuka kwa wote. Wanaume walikuwa nazo chache kuliko wanawake, wazee chache kuliko vijana, na wenye kinga dhaifu chache zaidi. Kushuka huko ni maumbile. Mwili hauwezi kuweka walinzi wote getini mwaka mzima.

Vipimo viwili, majibu mawili

Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Naomba msomaji anisikilize kwa makini.

Kirusi cha Korona kina sehemu nyingi, lakini kwa somo letu tuzitaje mbili. Ya kwanza ni ile miiba iliyotokeza nje, ambayo kwayo kirusi hujishikiza kwenye seli. Ya pili ni protini ya ndani inayofunga vinasaba vyake. Mwili wa mtu aliyeambukizwa hutengeneza kingamwili za sehemu zote mbili. Lakini chanjo za Johnson & Johnson, AstraZeneca, Pfizer na Moderna zinaufundisha mwili kuujua mwiba tu.

Sasa, vipo vipimo vinavyotafuta kingamwili za mwiba, na vipo vinavyotafuta kingamwili za ile protini ya ndani. Mchukue mtu aliyechanjwa Johnson & Johnson na ambaye hajawahi kuambukizwa, umpime kwa kipimo cha pili. Jibu litakuwa hasi. Na ni jibu la haki, kwa sababu kipimo kimeulizwa kama mtu huyu amewahi kuugua, nacho kimejibu kwamba hajawahi. Hakikuulizwa habari ya chanjo.

Nina jirani yangu, muuguzi wa miaka mingi, ambaye mwaka 2021 alichanjwa Johnson & Johnson na baada ya wiki kadhaa akaenda kupimwa kwenye maabara moja ya binafsi, sitaitaja, kwa fedha zake mwenyewe. Alipewa karatasi imeandikwa hasi, na aliyempa akamwambia kwa maneno mepesi kabisa, "Huna kinga." Aliniletea karatasi ile nyumbani huku machozi yanamlenga. Nilipoisoma, kwa maandishi madogo chini kabisa, ilikuwa imeandikwa kwamba kipimo ni cha protini ya ndani. Hakuna aliyemueleza. Kwa wiki mbili nzima aliwaambia wenzake wodini kwamba ile sindano ilikuwa maji. Wapo waliomwamini, kwani nani amwamini wasiyemjua akaacha kumwamini dada wa wodi yao?

Kwa waliochanjwa Sinovac au Sinopharm mambo ni kinyume chake. Chanjo hizo zimetengenezwa kwa kirusi kizima kilichouliwa, kwa hiyo zinaweza kuleta kingamwili za sehemu zote mbili. Kwao, kipimo cha protini ya ndani kikitoka chanya hakithibitishi kwamba waliugua. Kumbe kabla ya kusoma jibu lolote ni lazima ujue mambo matatu: umechanjwa chanjo gani, lini, na kipimo kinatafuta nini. Jibu lisilokuwa na hayo matatu ni kama barua isiyokuwa na jina la aliyeiandika.

Namba bila ya mpaka

Wapo waliopata karatasi yenye namba. Huyu ana 80, yule ana 900, na mwenye 900 akatembea kifua mbele. Je, namba ile ina maana gani?

Tuchukue mfano wa chanjo ambayo watu wa hospitali wanaijua vizuri, chanjo ya homa ya ini aina ya B. Mtumishi anachomwa dozi tatu, kwa kawaida mwanzo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho anapimwa kingamwili. Akifikisha 10 kwa vipimo vya kimataifa, anahesabiwa kwamba amekingika. Asipofikisha, anarudiwa dozi, na akishindwa tena inajulikana kwamba huyu mwili wake haukuitika, hivyo akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa atahitaji huduma ya haraka ya aina nyengine. Huo ni upimaji wenye manufaa. Una wakati wake, una mpaka wake, na una hatua ya kuchukuliwa baada ya jibu.

Zaidi ya hapo, mtu aliyefikisha 10 kwa wakati wake, hata miaka ikipita na namba ikashuka chini ya hapo, akiwa ana afya njema bado anahesabiwa amekingika, kwa sababu kumbukumbu ya mwili ipo.

Korona haikupata mpaka wa namna hiyo. Tarehe 19 Mei 2021, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba vipimo vya kingamwili visitumike kupima kiwango cha kinga ya mtu, hususan baada ya kuchanjwa. Sababu ni kwamba hapakuwa na namba iliyokubaliwa kuwa ukifika hapa umesalimika. Tena kila kiwanda kilikuwa na mizani yake. Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo cha pamoja Desemba 2020 ili maabara ziweze kulinganisha majibu yao, lakini mizani iliyosawazishwa bado haikwambii ni ratili ngapi zinatosha. Kisha Novemba 2021 kikatangazwa kirusi cha Omicron, ambacho miiba yake ilikuwa imebadilika kiasi cha kuwaponyoka wengi katika walinzi wa zamani. Namba ya jana ikawa haina uhakika wa leo.

Je, upimaji haukuwa na faida?

Msomaji asije akanifahamu kwamba napinga upimaji. La hasha. Ninachosema ni kwamba kipimo hiki kinafaa zaidi kwa kundi kuliko kwa mtu mmoja mmoja.

Tutazame jirani zetu wa Kenya. Watafiti wa Kilifi na wenzao walipima damu za wachangiaji 3,098 kati ya Aprili na Juni 2020, wakakadiria kwamba kiasi cha watu 4 katika kila 100 walikuwa wamekwisha ambukizwa, wakati nchi nzima imeandikisha wagonjwa wachache tu. Walipopima tena wachangiaji kati ya Januari na Machi 2021 kiwango kilikuwa kimefika 48.5 katika kila 100. Kwa upande wa watumishi wa afya, waliopimwa kati ya Julai na Disemba 2020, Nairobi walikutwa na kingamwili kiasi cha 44 katika 100, lakini Busia na Kilifi hawakufika 13. Hayo ya watumishi wa afya ni kabla ya chanjo kufika Kenya Machi 2021. Kwa hesabu hizo ilijulikana kwamba watumishi wa mji mkuu walikuwa katika khatari kubwa zaidi kuliko wenzao wa mikoani.

Tutazame na Uingereza. Katika hospitali za Oxford, kwa utafiti uliotolewa Disemba 2020, watumishi 11,364 ambao hawakuwa na kingamwili za mwiba walifuatiliwa, na 223 kati yao wakaja kuambukizwa. Waliokuwa nazo walikuwa 1,265, na walioambukizwa ni wawili tu, wote bila ya dalili. Hii ilikuwa habari kubwa. Ilionesha kwamba, kwa wakati ule na kwa kirusi kile, kundi lenye kingamwili lilikuwa limekingika zaidi.

Atakuja mtu aniambie: basi si ndiyo hayo, mwenye kingamwili amesalimika? Nitamjibu kwa mfano wa barabara ya Tunguu. Wapanda pikipiki wenye kofia ngumu wanapona ajali zaidi kuliko wasiokuwa nazo, hilo halina ubishi. Lakini huwezi kumtazama kijana mmoja mwenye kofia ukamwambia, "Wewe nenda mbio utakavyo, hutokufa." Habari ya kundi haiwi hirizi ya mtu mmoja.

Lipo pia suala la hesabu. Tuseme una watumishi 1,000, na 20 kati yao ndio wenye kingamwili kweli. Kipimo chako kinawakamata wote 20, lakini katika kila 100 wasiokuwa nazo kinakosea wawili. Katika 980 waliobaki kitakosea kwa watu 20 hivi. Utapata majibu chanya 40, na nusu yake ni ya uongo! Kipimo hicho hicho ukikipeleka pahala ambapo 500 wanazo, kitakosea kwa watu 10 tu kati ya 510. Kipimo ni kile kile, kilichobadilika ni watu unaowapima. Mkuu wa hospitali asiyeijua hesabu hii anaweza kumuondolea barakoa mtu asiyekuwa na kinga yoyote.

Damu ni amana

Nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Mtumishi anaponyoosha mkono akatolewa damu kwa ajili ya utafiti, anatoa amana. Amana hiyo ina haki zake.

Haki ya kwanza ni kuulizwa na kukubali mwenyewe, bila ya kutishwa na mkuu wake wa kazi. Anayekataa asionekane msaliti. Ya pili ni siri. Jibu lake lisibandikwe ubaoni wala lisitumiwe kumhamisha wodi au kumnyima posho. Ya tatu, ambayo ndiyo inayosahauliwa mno, ni kurudishiwa jibu pamoja na maelezo. Ni mara ngapi watu wetu wamechukuliwa damu, mkojo na makohozi, kisha watafiti wakapanda boti wakaondoka, na aliyetoa asisikie neno mpaka leo? Muuguzi anayerudishiwa jibu lililoelezwa vizuri anakuwa mwalimu wa wodi nzima, na anayerudishiwa karatasi bila ya maelezo mmeona yaliyompata jirani yangu.

Hata ndugu zetu waliokwenda Hijja mwaka 2022, ilipofunguliwa kwa mahujaji milioni moja baada ya miaka miwili ya kuwazuia wageni, walitakiwa kuonesha cheti cha chanjo na kipimo cha kutokuwa na kirusi. Kingamwili haikuwa pasi. Sasa wale waliokuwa wakiwauzia watu vipimo vya kingamwili kwa maneno ya "ujue kama uko salama," walikuwa wakiuza nini hasa?

Tufanye nini leo?

Korona imepungua makali, lakini sindano yenye damu bado inawachoma wauguzi wetu. Watoto wa Tanzania walianza kupewa chanjo ya homa ya ini B mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maana yake ni kwamba watumishi wengi wenye umri wa makamo, wale mabingwa wenye uzoefu, hawakuipata utotoni. Kama hawakuchanjwa baadaye basi hawana kinga ya chanjo. Na waliochanjwa, ni wangapi waliopimwa mwezi mmoja au miwili baadaye ili ijulikane kama walifikisha 10? Katika watu wazima wenye afya, wengi sana huitika, lakini wapo wachache wasioitika, na hao wachache hawajijui mpaka wapimwe.

Kwa hiyo nashauri mambo manne, kwa wizara inayohusika, kwa wakuu wa hospitali na kwa vyuo vyetu hapa Tunguu.

Kwanza, kila mwanafunzi wa udaktari, uuguzi na maabara achanjwe homa ya ini B na apimwe kinga yake kabla ya kuingia wodini. Iwe ni sharti la kuanza mafunzo kwa vitendo, na gharama isiwe juu ya mzazi maskini.

Pili, kila hospitali iwe na daftari la chanjo za watumishi wake: nani kachanjwa nini, lini, kapimwa kwa kipimo gani, na jibu lilikuwaje. Daftari hilo likae chini ya ufunguo wa mtu anayeaminika.

Tatu, lije lije balaa jengine, na kinga na tahadhari ni bora kuliko kukurupuka, upimaji wa kundi uwe umepangwa mapema. Ijulikane nani atapima, kwa kipimo gani, na majibu yatarudishwaje kwa wenyewe. Binguni iko karibu na wasomi wako karibu, kinachobaki ni watu kukaa kitako wakapanga.

Nne, maabara yoyote, ya serikali au ya binafsi, inayotoa jibu la kingamwili ilazimishwe kuandika kwa Kiswahili fasaha kipimo kinatafuta nini na jibu halimaanishi nini. Herufi ziwe kubwa, si zile za kutafutia miwani.

Na wewe ndugu msomaji, ikiwa una binti, mke, kaka au mjomba anayefanya kazi hospitali, muulize leo jioni: umechanjwa homa ya ini B? Ulipimwa baada ya dozi ya tatu? Jibu unalo wapi? Wao kila siku wanatuuliza sisi masuala ya afya zetu. Ni haki yao na sisi tuwaulize. Inshaallah wakiwa salama wao, na sisi tutakuwa katika mikono salama.